Adabu ya Kuanza Mwanzo
Wajuzi wa Shadowrun, mfululizo wa michezo ya video ya uigizaji, yaani ile ambamo mchezaji hukuza uwezo wa mhusika wake, mfululizo ambamo joka humiliki kampuni huku wachawi wakishirikiana na wadukuzi wa kompyuta, wana haki ya kumkataza kijana wa Bulwa, wilayani Muheza, asiguse Dragonfall ya 2014, ingawa kisa chake cha Berlin hujitegemea, kabla hajaipata kaseti ya 1993 ya Super Nintendo na, kwa heshima zaidi, kitabu cha kanuni cha mchezo wa mezani wa 1989 ulioanzisha yote. Kwa busara iyo hiyo, asipande basi la Muheza kabla ya kuitalii reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, wala asinywe chai bila shahada ya botania. Kucheza kwenyewe kutafuata, uhai ukiwapo.