Namna ya Kutembelea Ngome Isiyo na Ukuta

Bila shaka umewahi kuiona picha ile ya kalenda: kasri jeupe juu ya mwamba, msitu chini yake, minara iliyochongoka kama penseli mpya. Ni Neuschwanstein, kusini mwa Ujerumani, kasri ambalo Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869. Kulitembelea ni kazi nyepesi. Unanunua tiketi, unafuata kundi, unainua shingo, unasema "aa!", unatoka. Mawe ndiyo yanayofanya kazi yote.

Mwongozo huu ni wa kazi ngumu zaidi. Ni wa mtu aliyeko Likasi, mji wa Kongo, mwenye siku chache na nauli mfukoni, anayetaka kuona ngome na minara ya kwao. Abebe viatu vya matope, maji ya kunywa, sukari na chumvi ya kuwapelekea wenyeji, na masikio mawili yaliyosafishwa vizuri. Macho nayo asiyaache nyumbani, ila asiyatarajie yamalize safari peke yake.

Anza na minara, kwa kuwa haihitaji nauli. Simama popote penye mwinuko utazame upande wa Shituru na upande wa Panda: dohani za viwanda. Hizo ndizo buruji zetu. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929 kutoa shaba kwa njia ya umeme: mawe ya madini yanasagwa, yanayeyushwa kwa asidi, kisha umeme unapitishwa ndani ya maji hayo mpaka shaba inajikusanya yenyewe juu ya mabamba, safi, nyekundu kama udongo baada ya mvua. Baadaye umeme ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Mto Lufira, ambako bwawa lilianza kazi mwaka 1930. Mfalme wa Bavaria alijenga minara ili aote ndoto ndani yake. Minara ya Likasi ilijengwa ili shaba isafiri kwa reli hadi baharini na faida ifike Brussels, na wakazi wa makambi ya wafanyakazi wakabaki na moshi.

Simu ibaki mfukoni mpaka upewe ruhusa. Viwanda, reli na madaraja si vitu vya kupiga picha hovyo katika nchi hii. Halafu usiulize mnara una urefu wa mita ngapi. Uliza nani aliupanda. Tafuta papa mmoja mstaafu wa kiwanda, mwamkie, kaa chini, mwache amalize chai yake. Atakwambia habari za Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na za siku ilipotwaliwa na serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, mikononi mwa Wakongomani. Atakuhesabia posho ya mwezi, unga kiasi gani, samaki kiasi gani, na shule waliyosoma watoto bila yeye kutoa hata senti. Kampuni ilikuwa baba na mama. Kisha sauti itashuka, atafika mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ukifika hapo usimkatize kwa maneno ya kumfariji. Nyamaza. Mnara utakaouona ukitoka kwake hautakuwa ule uliouona ulipoingia.

Ukiwa bado mjini, mtu atakuuliza kama umeona filamu ya vita vya Jadotville. Hilo ndilo jina la Likasi la wakati wa Wabelgiji, lililotokana na Jean Jadot, na likafutwa mwaka 1966. Filamu ilitoka mwaka 2016 na ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo usipoteze mchana ukitafuta vilima vyake hapa. Vita vyenyewe vilikuwa vya kweli. Mwezi Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wapatao 150, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa na jeshi la Katanga iliyojitenga, pembeni mwa mji. Ngome yao ilikuwa mahandaki waliyojichimbia kati ya nyumba za kawaida. Walipigana siku kadhaa mpaka maji na risasi zikaisha, wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Nchini mwao wamekumbukwa, ingawa kwa kuchelewa. Wewe ukiuliza habari hiyo Likasi, uliza pia habari za vijana wa upande wa pili, waliokuwa wana wa mama zetu. Wao filamu hawakutengenezewa.

Shinkolobwe usiende. Najua utashawishika, kwa sababu ni jirani na jina lake limezunguka dunia: urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo, na mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alikwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York kabla hajatokea Mmarekani wa kuyaulizia. Mgodi ulifungwa kwa amri mwaka 2004, na mwaka huohuo ulibomoka ukaua wachimbaji. Hapo si mahali pa matembezi.

Sasa Bunkeya, ambako ndiko hasa nilitaka kukupeleka.

Iko kaskazini mwa Likasi, na tangu mikoa igawanywe upya mwaka 2015 utavuka mpaka wa Haut-Katanga uingie Lualaba. Ukifika utatafuta ngome usiione. Hakuna mwamba, hakuna daraja la minyororo, hakuna mtu wa tiketi. Kuna nyumba, miembe, watoto watakaokukimbilia. Wengi hugeuza gari hapo, wakarudi Likasi kusema Bunkeya hakuna kitu. Usigeuze gari. Umesimama katika mji mkuu wa ufalme wa Garenganze.

Mwenye mji alikuwa Mwenda Msiri, aliyetoka Usumbwa, magharibi ya Unyamwezi, akifuata njia ya baba yake ya kununua mukuba, yaani shaba. Alikuja mfanyabiashara akabaki mwami, yaani mfalme, na watu wake ndio Wayeke. Kutoka hapa shaba, pembe na chumvi vilikwenda mashariki hadi pwani ya Waswahili na magharibi hadi Benguela, na bunduki na baruti zikarudi. Watumwa pia walipita njia hizo. Usiliruke neno hilo unapowasimulia watoto, maana ngome inayosimuliwa nusu ni sawa na iliyobomolewa.

Boma lake lilikuwa la miti, udongo na nyasi. Katanga tungeliita lupango, uwanja uliozungushiwa ua, neno lilelile tunalotumia kwa kiwanja cha nyumba zetu. Wazungu waliofika waliandika mno juu ya mafuvu ya maadui yaliyowekwa juu ya nguzo za ua. Mafuvu yalikuwepo. Lakini mmisionari Frederick Arnot alifika mwezi Februari 1886, akaishi hapo miaka miwili, akaondoka mzima. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1886 Mfalme Ludwig alikutwa amekufa ziwani, na kabla ya majani ya vuli kuanguka kasri lake lilikuwa limefunguliwa kwa wageni wa kulipa. Wafalme hao waliishi zama moja. Mmoja alitawala nchi ambayo tayari ilikuwa chini ya dola kubwa zaidi yake. Mwingine alikuwa bado anakataa.

Msiri alimkataa Alfred Sharpe, aliyekuja na karatasi za Waingereza. Tarehe 14 Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumikia Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, pamoja na askari na wapagazi aliowaajiri Zanzibar na pwani. Fikiri jambo hilo ukiwa umesimama pale: Kiswahili kilikuwa kinasikika pande zote mbili za ua. Stairs alitaka bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri akahamia usiku kwenye boma la jirani, Munema. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson aliingia humo kumkamata, akampiga risasi akamuua, naye Bodson akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa siku ileile. Kichwa cha mwami kikakatwa.

Wahehe wa Iringa wanajua uchungu huo. Fuvu la mtawala wao Mkwawa, aliyekuwa na ngome ya mawe huko Kalenga mpaka Wajerumani walipoibomoa mwaka 1894, lilirudishwa kutoka Bremen mwaka 1954, na leo mgeni anaoneshwa. Bunkeya hakuna fuvu la kuonesha. Kwa hiyo sikiliza jinsi ya kuuliza. Ukiingia kwa mzee, usianze na kichwa. Inama, piga makofi taratibu kama wenyeji wanavyofanya, toa chumvi na sukari yako kwa mikono miwili, sema umetoka wapi na wewe ni mtoto wa nani. Anza kwa kuuliza nani alimfuata Msiri, utajibiwa Mukanda Bantu, na orodha ya wami itashuka mpaka kwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe, aliyefariki mwaka 1992. Uliza njia ya chumvi ilipita wapi. Uliza ua ulianzia mti gani. Kichwa atakileta mwenyewe akitaka, na akikileta, weka kalamu chini.

Ukipewa bukari na sombe, kula. Mgeni anayekataa chakula huambiwa hadithi fupi.

Nimekaa nikiwaza kwa nini mahali hapa hapaingii katika vitabu vya watalii, na jibu langu ni moja. Jiwe humwonesha kila mtu kitu kilekile, hata asiye na adabu. Boma la miti likishaoza humwonesha yule tu aliyeuliza vizuri. Ndiyo maana naliona boma la Bunkeya kuwa ngome kubwa kuliko ile ya kalenda, na ndiyo maana naogopa zaidi kulipoteza: kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anaondoka na kipande cha ua. Kijana wa Likasi mwenye simu inayorekodi sauti ana kifaa bora kuliko vyote walivyokuwa navyo Arnot na Stairs. Omba ruhusa, bonyeza kitufe, mwache mzee aseme kwa Kisanga, Kiyeke au Kiswahili chetu, kisha mpelekee nakala wajukuu zake.

Wayeke humkumbuka Msiri Bunkeya kila tarehe 20 Desemba. Huo ni mwezi wa mvua na barabara ni tope tupu. Ondoka Likasi tarehe 18, alfajiri.