Kinyonga Aliyeambiwa Shuka

Paukwa? Pakawa.

Kinyonga aliupanda mti mkuu wa kijiji kwa mtutu wa bunduki. Akaapa kwamba tawi halivunjiki mikononi mwa kinyonga. Akajigeuza mwekundu, na kijiji kizima kikaamriwa kiwe chekundu, hata Kunguru.

Miaka 17 ikapita. Ndugu na maswahiba wakakopa ghalani, wala hakuna aliyerudisha. Mwisho wa mwezi karani Sungura alifungua bahasha ya mshahara, akakuta kikaratasi: "Njoo mwezi ujao." Mwezi uliofuata, kikaratasi kilekile. Mwalimu Kasuku akagoma kufundisha, wanafunzi wakaingia barabarani.

Hapo Kinyonga akaufuta wekundu wake, akaita baraza. Alidhani watakula, watapiga domo, watakwenda zao. Mzee Yangeyange, kwa joho lake jeupe, akakalia kiti cha mbele. Siku hazikuwa nyingi, baraza likatamka: "Kuanzia leo, neno letu ndilo la mwisho."

Fisi wa bunduki wakamnong'oneza: "Mkubwa, tuwatawanye?"

Kinyonga akaelekeza jicho moja kwa Fisi, la pili kwenye ghala tupu. Fisi nao walikuwa wanadai mishahara. "Nimekubali," akasema.

Kura zikapigwa, akashinda Mbayuwayu, aliyezoea kuhesabu fedha za ng'ambo. Kinyonga akaomba radhi, akashuka. Miaka mitano baadaye akapanda tena, safari hii kwa kura, na muda wake ulipokwisha akateremka.

Habari zikamfikia Chui wa mto mkubwa. Naye akatangaza mageuzi, akalia machozi mbele za watu. Akaita baraza. Baraza likampa waziri mkuu, Chui akamtimua. Wakazaliwa mawaziri wakuu wawili na hazina mbili, zote tupu. Chui hakushuka mpaka alipofurushwa kwa bunduki.

Wa Cotonou hahitaji kufumbuliwa fumbo hili. Mathieu Kérékou, ambaye nembo yake ilikuwa kinyonga, aliitwaa Benin ya leo kwa mapinduzi mwaka 1972. Mkutano wa taifa wa Februari 1990, chini ya Askofu Mkuu Isidore de Souza, ulimpokonya sehemu kubwa ya madaraka, na Machi 1991 Nicéphore Soglo akamshinda. Kérékou alirudi kwa kura mwaka 1996, akaondoka 2006. Mobutu wa Zaire, mvaa kofia ya chui, alilia Aprili 1990, akang'ang'ania hadi Mei 1997.

Wapambe wa Kinyonga husema yeye ndiye aliyekishika kijiji mkono akakivusha. Uongo mtupu: walimu wasiolipwa ndio waliomsukuma, baraza likamfungia njia ya kurudi nyuma. Wengi wape, usipowapa, watachukua wenyewe. Sifa yake ni moja, na Chui hakuwa nayo: alipoambiwa shuka, alishuka.