Skripti kwa Ada ya Mwezi
Jukwaa la mtandaoni la waandishi chipukizi wa filamu huanzishwa na wanafunzi wa biashara ambao andiko pekee walilowahi kulimaliza ni mpango wa biashara. Kielelezo chao ni The Black List ya Marekani: mwaka 2005 Franklin Leonard aliorodhesha skripti zilizopendwa ila hazijawa filamu, na 2012 tovuti ikaanza kupokea za yeyote, kwa ada. Leonard, angalau, kusoma skripti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wanafunzi huanza na nembo, kisha hugawana vyeo: mkurugenzi mkuu, mkurugenzi wa fedha, mkurugenzi wa ubunifu. Msomaji wa skripti hutafutwa baadaye, tena wa kujitolea. Mwandishi hulipia kila mwezi akimsubiri prodyuza. Prodyuza huingia bure, akiingia.