Nauguza Peke Yangu, Tutazika Wote

Ukoo wetu una watu wengi sana. Ukitaka kuujua ukubwa wake, tangaza harusi, au fiwa. Lakini tangu Mama apatwe na kiharusi, ukoo huo umepungua mpaka amebaki mtu mmoja, naye ndiye anayeandika safu hii huku akichungulia saa. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na zamu hiyo haijali kama ni usiku wa manane.

Niliteuliwa kwenye kikao ambacho sikualikwa. Sababu zilizotolewa ni kwamba sina mume wa kumpikia, naishi Dar es Salaam karibu na hospitali kubwa, na eti "Mama amekuzoea." Amenizoea! Kaka mkubwa alinyonya kwa mama huyuhuyu, tena kabla yangu. Yeye alizoewa na nani?

Nikasema sawa, nitauguza, lakini jamani nami nipumzike. Hata alasiri moja kwa juma: nikasuke, nikachague kitenge, nikakae mahali ambapo hakuna wa kuniita. Hapo ndipo nilipoanza kuzijua njia za kupumzika alizonazo Mtanzania anayeuguza nyumbani.

Njia ya kwanza ni ndugu. Hawa huja Jumapili kumjulia hali mgonjwa, wao na watoto wao, saa ya kula. Kwa hiyo siku yangu ya kupumzika nabandika sufuria kubwa, natuma soda dukani, na jioni nawasindikiza mpaka kituoni, maana ndivyo nilivyolelewa. Mama naye, ambaye kiharusi kilimpooza mkono kikauacha ulimi mzima, akiwaona hujiegemeza kwenye mto, akatabasamu, kisha akamnong'oneza shangazi kwa sauti inayofika nyumba ya tatu: "Tangu juzi sijatia kitu mdomoni." Uji wa lishe aliokunywa asubuhi haujakauka hata kwenye kanga yangu. Shangazi hugeuka, ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wageni wakiondoka nina uchovu mpya na kesi ya kujibu.

Walio mbali wako kwenye kundi la WhatsApp la familia. Andika huko kwamba umechoka, uone: "Pole dada." "Mungu akutie nguvu." "Thawabu zako ziko mbinguni." Na vile vikono viwili vya kuomba, mstari mzima. Thawabu nazitaka, ila kwa mwendo huu naona nitazifuata mapema. Kaka wa Mwanza angalau hutuma hela, Mungu ambariki, ingawa haongezi ya kutolea.

Njia ya pili ni dada wa kazi. Tulikubaliana afue, apike, afagie. Kumnyanyua mtu mzima na kumbadilisha pampasi hatukukubaliana, na hapo ana haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 kila juma, na dada wangu anaifuata sheria hiyo kuliko wanasheria. Jumapili anavaa gauni lake, anajipaka mafuta, anaaga. Nabaki mlangoni nimeshika beseni, nikijiuliza kati yetu mwajiri ni nani.

Njia ya tatu ni nesi wa kukodi. Nilielekezwa kwa mmoja, binti mpole, anajua kazi. Malipo ni kwa zamu, ya usiku yana bei yake, nauli mbali. Nikapiga hesabu nikaona mshahara wangu ungetosha kumlipa yeye, halafu mimi niwe nakwenda ofisini kwa mapenzi tu. Mama alimtazama binti wa watu katika sare nyeupe, akauliza, "Huyu kaja kunichukua?" Akagoma kula mpaka alipoondoka.

Wengine walidhani Mama akilazwa, mimi nitalala. Nani kawadanganya? Mgonjwa anayelazwa huku kwetu hulazwa na ndugu yake. Alfajiri uko getini na chupa ya uji, mchana na hotipoti, jioni na shuka safi, na katikati unatumwa dirisha la dawa. Daktari aliposema Mama anaweza kurudi nyumbani, niliyepata nafuu ni mimi.

Nikafika hata pa kuulizia makazi ya wazee. Serikali inayo, na hapa Dar yapo ya Nunge, Kigamboni. Niliulizia kwa kunong'ona, maana mtaani ukitamka neno hilo umeshamtupa mama yako. Kumbe nilinong'ona bure. Makazi yale ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Mama ana watoto, wajukuu, wapwa, na kundi zima la WhatsApp. Kwa hesabu ya vichwa, ni tajiri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inaiona familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Sina ugomvi na sera. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu familia hiyo inaanzia kwangu na kuishia kwangu.

Ikabaki likizo. Nikaifungua tena ile sheria ya dada wa kazi, safari hii kwa faida yangu. Inanipa siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wangu akiugua au akifa, na pia akifa mwenza wangu, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yangu. Rudia kusoma taratibu. Mzazi yumo kwenye orodha ya kufa. Kwenye orodha ya kuugua hayumo. Nikimwambia bosi Mama anaumwa, naomba huruma. Nikimwambia Mama amefariki, nadai haki. Basi siku zangu 28 za likizo ya mwaka, ambazo wenzangu wanakwenda nazo Lushoto kula upepo, mimi nazimalizia kwenye kamba ya kuanikia mashuka.

Mdogo wangu aliye Uingereza aliposikia hayo akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, wenye masikitiko. Kumbe kule, tangu Aprili 2024, mfanyakazi ana haki ya wiki moja kwa mwaka, bila malipo, kumhudumia ndugu anayehitaji uangalizi wa muda mrefu. Nimefurahi sana kwa niaba yake. Yeye ana likizo ya kuuguza, mimi nina mgonjwa.

Nisingelalamika hivi kama watu wetu wasingejua kupanga zamu. Wanajua! Mjomba alipofariki, kabla hajatoka mochwari kamati ilikuwa imeshakaa: mwenyekiti, mhazini, wa turubai na viti, wa jiko, wa maji, wa kupokea wageni stendi. Kaka wa Mwanza, ambaye kazi huwa haimruhusu, alishuka na ndege ya asubuhi. Wanawake walilala mkekani na mfiwa asibaki peke yake. Mke wa mjomba, aliyemuuguza miaka na miaka bila msaidizi, hakuruhusiwa kuosha hata kikombe. "Pumzika, mama, pumzika." Alipumzika, bwana. Mgonjwa hayupo, kazi imekwisha, angefanya nini kingine?

Hoja yangu ni kwamba kamati ile iundwe mgonjwa akiwa hai. Mwenyekiti awe yuleyule, daftari liwe lilelile. Mwenye nguvu aandike jina lake na siku yake. Aliye mbali na ana hela alipie zamu ya nesi, pamoja na ya kutolea. Asiye na hela wala nguvu aje amsikilize Mama akinisema, ili mimi nikaoge kwa nafasi. Kumgeuza mgonjwa hakuhitaji cheti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwonyesha kila anayemwomba, na mpaka sasa aliyemwomba ni mimi tu.

Nawe msomaji, kwenye ukoo wako yupo anayeuguza, na unamjua. Acha kumpigia kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Jumamosi nenda saa nne asubuhi ukiwa umeshakula, mwambie atoke, na akitoka usimpigie kumuuliza pampasi ziko wapi. Ondoka saa kumi. Saa sita hizo zitamfaa kuliko bahasha ya rambirambi unayomwekea.