Mpeleke Mtoto Pantoni

Mzazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto wa chini ya miaka sita, na mwenye Jumapili isiyo na harusi wala msiba, hana haja ya kuumiza kichwa: ampeleke pantoni. Sisemi ampeleke Kigamboni. Kigamboni kuna fukwe, kuna bustani ya wanyama, kuna hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, na yote hayo yanawafaa watu wazima pamoja na watoto waliokwisha kuota meno ya pili. Nasema pantoni lenyewe, lile linalovuka kutoka Magogoni na kurudi. Mkifika ng'ambo nunueni karanga, geuzeni. Najua pendekezo hili linanuka ubahili, na nitafika huko, lakini kwanza tutazame jinsi matembezi ya fahari yanavyoishia.

Ushahidi kila mzazi anao, ila hataki kuusoma. Matembezi ya mtoto mdogo yana namna zake za kuharibika, na karibu zote zinafanana mji mzima. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa kiherehere husinzia garini mkifika Mwenge, akawa amelala fofofo mbele ya geti la mahali palipolipiwa kiingilio, akaamka mkiwa njiani kurudi na kuuliza mnakwenda saa ngapi. Aliyeulizwa nyumbani mara tatu kama ana haja ndogo, akakana mara tatu, huipata haja hiyo foleni ikiwa imebakiza watu wawili. Kiatu hupotea kimoja, kamwe si viwili, maana viwili vingekuwa hasara inayoeleweka. Yule mtu aliyevaa vazi la mnyama mwenye kichwa kikubwa, aliyelipwa awachekeshe watoto, huwaliza. Na mzazi aliyemaliza hela ya wiki kwa kiingilio, chipsi na juisi humkuta mwanawe ameyapa mgongo mabembea yote, amechuchumaa ukingoni mwa lami akifuatilia msafara wa siafu, tena kwa furaha isiyo na dosari. Watu huita hayo bahati mbaya. Mimi naona ni majibu. Mahali tumepachagua kwa vipimo vyetu, yaani ukubwa, umbali, bei na sifa. Mtoto naye anajibu kwa vipimo vyake.

Chukua Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, mahali ninapopaheshimu na ambapo kila Mtanzania anastahili kuingia. Fahari yake ni Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Sasa mweleze hayo mtoto wa miaka minne. Kwake wakati wote uliopita unaitwa jana: jana alikula wali, jana bibi alikuja na kuku, jana yeye mwenyewe alizaliwa. Zinjanthropus naye aliishi jana, na swali pekee la maana lililobaki ni mwili wake uko wapi, swali ambalo, tuseme kweli, hata wataalamu wangefurahi kulipatia jibu. Magari ya zamani ya viongozi humvuta zaidi kwa kuwa ni magari, lakini yamesimama, na kwa mtoto gari lisilopandwa wala kuondoka ni dharau. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo, kinafaulu kuliko jengo la mjini, ila si kwa sababu walizokuwa nazo waliokianzisha. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa mle, na nyingi zina milango mifupi. Mtoto anaingia wima. Baba anainama, na asipoinama vya kutosha anagonga paji la uso. Hapo mtoto amepata alichokijia! Atazunguka nyumba zote zilizobaki akisubiri tukio lirudiwe, na jioni akiulizwa ameona nini hatataja msonge wala tembe. Naye yuko sawa. Mtoto mdogo hatafuti kitu chenye maana. Anatafuta kitu kinachotokea, kisha kinachotokea tena, na yeye akiwa ndani yake.

Pantoni linatimiza masharti hayo matatu katika kazi yake ya kila siku, bila mtu yeyote kukusudia kumfurahisha mtoto. Kwanza kuna geti, na kadi ya N-Card ya kugusisha, kazi ambayo ataidai iwe yake. Kuna kusubiri, lakini si kusubiri kutupu: chombo kinaonekana ng'ambo kikiwa kidogo, kinakua, kinazidi kukua, hadi mlango wake wa chuma unashushwa kwa kishindo. Halafu wanaanza kutoka. Watu, baiskeli, bodaboda, bajaji, lori, mkokoteni wa nazi, mtu na jogoo wake. Kisha tunaingia sisi, utaratibu uleule ukigeuzwa. Sakafu inatetemeka miguuni. Honi inalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mtoto anaona kelele kubwa ikipigwa bila mtu mzima kuikemea. Ukibahatika, meli ya mizigo inapita katika mlango huohuo wa bandari, ndefu kuliko mtaa anaoishi. Na yote hayo yanachukua dakika chache tu. Hapo ndipo ilipo akili ya pantoni: safari inakwisha kabla ya uvumilivu wa mtoto. Aliyebuni matembezi ya saa sita kwa mtoto wa miaka mitatu ni dhahiri hajawahi kuachiwa mtoto huyo kwa dakika arobaini. Wenzetu wa Mombasa wamejaliwa zaidi, kwa kuwa pale Likoni waendao kwa miguu hawalipi kitu, hata wakiwa na watoto saba.

Wa kwanza kunipinga watakuwa wapenda elimu. Watasema matembezi yasiyomfundisha mtoto chochote ni kuzurura, na kwamba afadhali asinzie mbele ya historia kuliko kuchangamka mbele ya malori. Nawajibu kwamba swali la kwanza atakalouliza mtoto akiwa juu ya maji ni kwa nini lori zito halizami, na hilo ni swali la fizikia. Mzazi atakayejaribu kulijibu palepale, mbele ya abiria wanaosikiliza, ndiye atakayepata somo. Wakishuka upande wa mjini kuna Soko la Samaki la Feri, na mle kuna pweza, ngisi, taa, changu na jodari, bila kioo mbele yao wala kibao cha kukataza kugusa, na kila mnyama ana mtu anayemjua jina, tabia na bei. Mtoto akisimama dakika tano kwenye mnada ataelewa hesabu ya kujumlisha kwa namna ambayo daftari halijawahi kumweleza. Harufu ni kali, nakubali. Atakayelalamika ni mama yake. Mwenyewe atauliza kama mnaweza kumchukua yule pweza nyumbani.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, na halistahili mzaha. Nchi iliyoona MV Bukoba ikizama mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 haiwezi kumwambia mzazi kwamba hofu yake ni ya kijinga. Ndiyo maana nimesema Jumapili, na naongeza: asubuhi. Saa kumi na mbili jioni siku ya kazi, umati unapokimbilia nyumbani, pantoni ni chombo cha wafanyakazi waliochoka, wala si mahali pa mtoto wa miaka mitatu kuhesabu matairi. Ukiona limefurika, acha liende, subiri linalofuata. Hakuna mnayemkimbilia, na kulitazama likiondoka nako ni tukio. Vukeni kwa miguu badala ya kukaa ndani ya gari, simameni mbali na mlango wa chuma, na mkono wa mtoto uwe mkononi mwako tangu getini hadi getini, jambo ambalo ungepaswa kulifanya hata kando ya lile bwawa la hoteli. Ambaye moyo wake bado unakataa, na apande mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi, akiwa dirishani. Hoja ni ileile, juu ya lami.

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti, na kwa hiyo lina nguvu kuliko yote: pantoni halina hadhi. Jumatatu watu wakiulizana kazini watoto walipelekwa wapi, nani ataanza kusema Magogoni? Picha zake hazifai. Mtoto atakuwa ameshika karanga, nyuma yake kuna lori la mchanga na mtu asiyemfahamu anayepiga miayo. Halafu kuna bei. Kwa miaka mingi nauli ya mtu mzima imekuwa shilingi 200. Ilipopandishwa kutoka 100 mwaka 2012 kulizuka kelele, na John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, akawaambia wasiotaka kulipa kwamba wanaweza kupiga mbizi. Nashuku nauli hiyo ndiyo inayolinyima pantoni heshima. Lingetozwa shilingi 20,000 kwa kichwa, likapakwa rangi saba na kupewa jina la Kizungu lenye alama ya mshangao mwishoni, tungepanga foleni tangu alfajiri, na watoto wetu wangelia kwa kukosa nafasi.

Atatokea pia mwenye kusema kwamba kama ni vyombo vya usafiri, basi treni ya umeme inatosha. Tangu mwaka 2024 inafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na ni safari nzuri kwelikweli. Lakini mwendo huo ni furaha ya mtu mzima anayejua basi lilivyokuwa likimchosha. Kwa mtoto, ng'ombe anayepita dirishani kabla hajanyooshewa kidole hajapita. Tena mkishafika Morogoro mna mchana mzima wa kuujaza, na matatizo ya mabembea, kiatu kimoja na haja ndogo yanaanza upya mkiwa mbali na nyumbani. Ile treni ya mjini iliyoanza mwaka 2012, ambayo watu waliipa jina la Waziri Mwakyembe, iliwafaa watoto zaidi kwa sababu ilisimama kila mahali. Uzoefu unaonyesha kwamba anayeipigania treni ya umeme kwa jina la watoto mara nyingi ni baba. Apewe tiketi, aende. Ni haki yake.

Nakiri kwamba hoja yangu ina mwisho wake. Mtoto akifika miaka saba au nane huanza kuuliza mnakwenda kufanya nini huko ng'ambo, na swali hilo likishaulizwa pantoni limegeuka kuwa usafiri. Huyo mpelekeni Makumbusho. Sasa anajua kwamba kuna jana na juzi. Kwa wadogo zake, nina sababu moja zaidi, nayo ni kurudi. Mahali pengine popote pa starehe, saa ya kuondoka ni saa ya vita: mtoto ameng'ang'ania mnyororo wa bembea, mzazi anahesabu hadi tatu kwa mara ya nne, wapita njia wanatazama. Pantoni peke yake linataka muingie ndani ya starehe ndipo mfike nyumbani. Mtoto hatangulii mbele yenu kwa utiifu, anatangulia kwa tamaa, na matokeo ni yaleyale. Taabu inabaki moja, upande wa Magogoni mkishashuka, atakaposema tena, na kwa nauli ile huna pa kusingizia pesa. Hapo ndipo mhogo wa kukaanga unapoanza kazi. Uwe umenunuliwa mapema, na pilipili iwekwe pembeni.