Mama Amehamia Malindi

Mdogo wangu alishuka na mzani kwenye basi la kutoka Dar es Salaam mwezi wa Julai, wakati baridi ya Lukozi inauma mpaka kwenye mifupa. Ni wa kioo, mwembamba, una vibati vinne vya kukanyagia. Akauweka katikati ya sebule. "Huu haupimi kilo peke yake," akasema. "Unakwambia una mafuta kiasi gani mwilini." Nia yake ilikuwa njema kabisa. Kliniki Mama alikuwa ameambiwa presha imepanda, apunguze uzito, akaandikiwa na vidonge vya kutoa maji mwilini.

Jioni ile nyumba nzima ilipanda. Mama, aliyeshinda amesimama sokoni akiuza karoti, alipewa asilimia 34. Mjomba, ambaye kitambi chake hutangulia kuingia mlangoni, alipata 21 na akaomba isomwe tena kwa sauti. Baba akakataliwa. Alipanda, akashuka, akapanda tena; kioo kikaonyesha kosa tu. Wifi yangu ni mjamzito, nikamzuia, kwa kuwa wajawazito na watu waliowekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hawatakiwi kupimwa hivyo.

Alfajiri Mama akapandishwa tena, peku, kutoka kwenye sakafu ya sementi iliyopoa usiku kucha. Kilo moja ilikuwa imepungua. Mafuta yalikuwa yamefika 39. Na jikoni sufuria ya makande ilikutwa wazi, imebaki nusu.

"Mama, umekula usiku," mdogo wangu akasema, mbele ya Baba, mbele ya wajukuu.

Mama hakupaza sauti. "Nilikunyonyesha miaka miwili. Leo nikuibie makande?" Akafunga khanga zake kwenye kikapu, akaita bodaboda, akaenda Malindi, hii ya kwetu huku milimani, kwa mama mdogo.

Nyumba isiyo na Mama haikaliki. Baba alikunywa chai bila kusema neno. Mimi hasira zilinipanda, kwa sababu mtu mzima alikuwa amehukumiwa kwa namba ambayo hakuna aliyejiuliza imetoka wapi.

Mzani ule hauyaoni mafuta. Unapitisha umeme mdogo mno, usiofika miliampia moja, unaokwenda na kurudi kwa kawaida mara elfu 50 kwa sekunde. Umeme huo unapanda mguu mmoja na kushukia mwingine, na chombo kinapima jinsi mwili unavyoukinza. Maji yenye chumvichumvi, ambayo yamejaa kwenye misuli, yanaupitisha, mafuta yanauzuia. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na urefu, umri na jinsia, chombo kinakadiria maji ya mwili. Kisha kinachukulia kwamba sehemu isiyo mafuta ina maji takriban asilimia 73, na kinachobaki kinakiita mafuta. Kwa hiyo mtu akipoteza maji, anaandikiwa mafuta.

Hapo kisa cha Mama kinaeleweka. Alikuwa amemeza kidonge, akatoka nje usiku zaidi ya mara moja. Ile kilo iliyopungua ni maji, na maji hayohayo yalipotoka ukinzani ukapanda. Jioni, baada ya kusimama kutwa, maji yalikuwa yameteremkia miguuni, njia yenyewe ya umeme. Usiku alipolala yakarudi juu. Nyayo zilizopoa kwenye sementi nazo zikaongeza, maana ngozi ya baridi huongeza ukinzani. Hayo yote yalivutia namba upande mmoja, juu, na hakuna hata moja lililohitaji punje ya makande. Tena mdogo wangu aliukisia urefu wa Mama kwa macho, na katika hesabu hizi urefu huzidishwa kwa wenyewe, kosa dogo likakua.

Baba alikataliwa kwa sababu ya magaga. Nyayo za mtu aliyelima viazi tangu ujana ni ngumu na kavu, umeme haukupata pa kuingilia. Nilipomtia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kuikausha vizuri, akasomeka mara ya kwanza tu alipopanda.

Kuhusu Mjomba, umeme wa mguu kwa mguu karibu hauligusi tumbo. Hata kwa vyombo vinavyopima kutoka mkono hadi mguu, kiwiliwili kina karibu nusu ya uzito wa mtu lakini huchangia takriban asilimia 10 tu ya ukinzani wote. Mjomba alipimwa miguu, na miguu anayo, kwa kuwa amebeba magunia maisha yake yote. Nilipokuwa nikimweleza hayo akainamisha kichwa, akasema makande alikula yeye.

Mdogo wangu alikitetea chombo chake kwa moyo wote, kwamba ni cha kitaalamu. Ni kweli. Wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, Desemba 1994, kukijadili kipimo hiki, wakakubali kwamba kinakadiria vizuri maji ya mtu mwenye afya aliyetulia. Lakini walitaka kila mtu apime kwa utaratibu mmoja, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kinaweza kufuatilia mabadiliko ya muda mfupi ya mtu mmoja. Yeye alikuwa amemhukumu Mama kwa tofauti ya usiku mmoja. Alikaa kimya, kisha akaniomba nimsindikize.

Tulikwenda na sukari na doti ya khanga. Mama mdogo alitukalisha kwenye benchi la nje muda mrefu kabla Mama hajatoka. Mdogo wangu akatoa shikamoo, akaomba radhi bila kuzungukazunguka. Mama akatoa masharti. Radhi hiyo irudiwe nyumbani, mbele ya wale wajukuu walioisikia ile shutuma. Mjomba apike makande mengine. Na yeye atapimwa kiuno tu, kila mwezi, kwa futikamba ya fundi cherehani, nimpime mimi.

"Na presha?" mdogo wangu akauliza.

"Presha nitapimwa kliniki, nimekaa, nimepumzika, kama muuguzi anavyotaka," akasema Mama. "Chukua kikapu, twende."