Waya wa Nduthi Si Kamba ya Mbuzi

Kwanza weka ile tepu nyeusi chini. Najua mkono unakuwasha. Kutoka Kayole hadi Dandora jijini Nairobi tumezoea kuunga waya wa pikipiki hivi: chuna kwa meno, sokota mara mbili, zungusha tepu, chukua pesa. Taa inawaka, kweli. Inawaka mpaka mvua ya Aprili, au mpaka kijana wa kuosha magari aelekeze pampu chini ya tangi. Joto la injini hulainisha gundi, tepu inafunguka, maji yanaingia, shaba inageuka kijani. Taa ya nyuma ikizimika usiku kwenye barabara ya Outering, mwenye nduthi hana habari. Atakayejua ni dereva wa lori aliye nyuma yake, tena akiwa amechelewa. Kwa hiyo fundi anayesokota na kuondoka nitamcheka hadharani, na sitamwomba msamaha.

Tupige hesabu. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta karibu ampea 3. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu tu hula karibu volti moja na nusu, na wati nne hivi zinageuka joto humo ndani ya tepu. Taa inafifia, unauziwa balbu. Balbu mpya nayo inafifia, unauziwa betri. Betri ya watu haikuwa na kosa lolote.

Sasa fanya kazi. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, kwa maana iliyoshika kutu haishiki risasi ya kulehemu hata uibembeleze. Chuna sentimita 5 hivi kila upande kwa kisu kikali bila kukata nyuzi zake. Meno yaachie mutura. Kisha vesha waya mmoja ule mpira unaosinyaa kwa moto, uusogeze mbali. Wanaousahau huukumbuka wakishamaliza kulehemu.

Pishanisha ncha mbili, kila moja izungushwe kwa kubana juu ya mwili wa mwenzake, mizunguko mitano au sita. Mafundi wa telegrafu Marekani waliunga hivyo tangu karne ya 19, kwa sababu ukikivuta kiungo hicho hujikaza. Pasha shaba moto, si risasi: pasi ya kulehemu ikae chini, risasi iguse juu, iyeyuke yenyewe na kupenya kati ya nyuzi. Tumia risasi ya mafundi wa redio. Asidi ya kulehemu mabati waachie mafundi wa Kamukunji, maana kwenye waya itaendelea kula shaba ukishakwenda zako.

Shingoni mwa usukani ndipo hata fundi mzuri huharibikiwa. Waya ulionyweshwa risasi hukakamaa, na kila unapokata kona hukunjika palepale risasi inapoishia, hadi ukatike. Kiungo kihamishie chini ya tangi, waya uliponyooka, na uuache na ulegevu kidogo. Usipoweza, tumia kibomba cha shaba kinachobanwa kwa koleo lake maalumu. Nyundo na jiwe si koleo.

Redio, chaja ya simu na vile vimulimuli vya rangi visidandie waya wa taa. Vipe waya wao kutoka betri, na fyuzi yao karibu na betri. Fyuzi ikikatika, tafuta kilichoikata. Karatasi ya fedha ya sigara ukiiweka badala ya fyuzi haikatiki, kinachoungua ni nyaya zote.

Kabla ya kusinyaza mpira, rudisha betri, washa injini na taa, kisha pima volti kutoka upande mmoja wa kiungo hadi wa pili huku mwenzako akipeleka usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Ikizidi volti 0.1, kata uanze upya. Abiria mwenye haraka apande matatu.